Saa Mbili kutoka Roma mpaka Brusseli

Tulipogawana nguo za mama baada ya matanga, chini kabisa ya sanduku lake la bati tulikuta kikoti chekundu cha sufu, cha mtoto, chenye vifungo vya mti. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye walikivuta juu, na harufu ya dawa ya nondo ikatupanda puani. Wenzangu walipiga chafya, wakacheka. Mimi nilikaa chini. Harufu ile ilinirudisha uani kwetu Ngara, kwenye nyumba za mstari, nikiwa mtoto wa madarasa ya chini, nimesimama nyuma ya mama nikimwangalia mtoto aliyeshushwa garini akiwa ndani ya kikoti kile. Niliambiwa ni mdogo wangu. Yeye hakujua hata jina langu.

Miaka ile tulikuwa tumehamishwa, kama wengi wenu. Bibi, mama yake baba, alikuwa na mji wake juu kwenye mgongo wa mlima, katikati ya migomba aliyoikuta kwa wakwe zake, nasi sote tuliishi humo. Kisha tukaambiwa tushuke barabarani kwenye kijiji cha ujamaa, ambako nyumba zilipangwa kama madawati. Bwana aliyekuja kusimamia kuhama alisema kutoka mji wa zamani mpaka kijijini si mbali. Bibi akasema ni mbali. Walibishana kwa adabu, baba akitafsiri, kwa sababu Bibi alikuwa na Kihangaza chake na maneno machache tu ya Kiswahili. Mimi nilichanganyikiwa, maana walikuwa wanazungumzia njia ileile moja. Yule bwana alikuwa na Landrova. Bibi, tulipokwisha kuhama, alipanda kila asubuhi na jembe begani kwenda kuitazama migomba yake, na jioni alirudi na mkungu kichwani, akakaa kizingitini mpaka miguu ipoe.

Mdogo wangu Deo hakuwa kama watoto wengine. Akikimbia kidogo tu, husimama, huchuchumaa na kukumbatia magoti, na midomo yake hugeuka rangi ya zambarau mbivu. Sisi watoto tulidhani ni mchezo aliojitungia. Tulikuwa tunachuchumaa naye, wote kwenye mstari mmoja, tukisubiri ainuke ndipo na sisi tuinuke. Mama ndiye ambaye hakuwahi kucheka. Alimpeleka kwa waganga, kisha akampeleka misheni. Huko kulikuwa na sista daktari, mzungu mrefu aliyelazimika kuinama kila alipopita mlangoni. Alimwekea Deo chombo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu mno, halafu akamwambia mama kwamba moyo wa mtoto una tundu.

Nilibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba maji kwenye jani. Tundu. Nilijua mtungi ukitoboka maji huisha. Basi ikawa kila tukilala namgeuza Deo chali, nisije nikaamka nikakuta damu yake yote imemwagika kwenye mkeka. Alikuwa ananisukuma na kulia, na mama alinigombeza nimwache mtoto alale. Sikumweleza sababu. Nilidhani anaijua.

Sista alisema kwao, Brusseli, kuna hospitali ambako wanaweza kuliziba lile tundu. Alikuwa karibu kwenda likizo, angeweza kumchukua Deo, lakini mtoto peke yake, mzazi hapana. Mama alikataa. Alisema heri afe mikononi mwake kuliko kupona mikononi mwa watu asiowajua. Baba hakubishana naye. Alikaa siku kadhaa akichonga mpini ambao ulikwisha kuwa laini zamani, kisha akasema jambo moja, kwamba Imakulata yuko hukohuko Ulaya.

Imakulata alikuwa dada yake baba, mtawa, aliyepelekwa Roma na shirika lake nikiwa bado mdogo sana. Nilikumbuka mwanya wake na jinsi alivyokuwa akinibeba mgongoni huku akiimba kwa sauti nzito kama ya mwanamume. Mama alimpenda. Alikuwa wifi aliyemtetea siku za mwanzo, mama alipokuwa mgeni katika mji wa Bibi. Mama akauliza Ulaya ni kubwa kiasi gani. Baba hakujua. Wakaamua kwenda kumwuliza padri, nami nikaenda nao kwa sababu nilikuwa namshika Deo mkono.

Padri alikuwa mzungu mzee ambaye Kiswahili chake alikitoa kitabuni. Alitandaza ramani mezani, akazuia pembe zake kwa vikombe. Alituonyesha Roma, akatuonyesha Brusseli, na dole gumba lake moja lilitosha kuifunika miji yote miwili. Baba akatafuta Ngara. Padri akasema haikuandikwa. Nilimwona baba akirudisha mkono wake mfukoni.

Mama alitaka kujua jambo moja tu. Aliuliza, kutoka anakokaa wifi yake mpaka huko anakopelekwa mtoto, mtu anatembea siku ngapi.

Padri akatabasamu. Akasema hatembei, anapanda ndege. "Kutoka Roma mpaka Brusseli ni saa mbili."

"Saa mbili tu?" mama akauliza.

"Saa mbili tu, mama."

Najua sasa mama alichokuwa anakipima. Kutoka kijijini mpaka kwenye migomba ya Bibi, ukiwa na mtoto mgongoni na mlima mbele yako, ni mwendo kama huo, na mwendo huo yeye alikuwa anakwenda na kurudi, kisha anapika. Hatimaye akasema kwamba, kama ndivyo, Imakulata atakuwa anamwona mtoto kila Jumapili. Padri alikuwa anakunja ramani. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama alimjibu. Naona vikombe vikirudishwa kabatini, naona ramani ikikunjwa kwa mikunjo yake ya zamani, lakini jibu silisikii.

Kama padri angesema masaa mawili, kama tulivyozoea kusema sokoni, labda nisingepotea. Lakini alisema saa mbili, na saa mbili kwangu ilikuwa saa ya asubuhi, pale umande unapoanza kukauka na mwalimu anatupanga mstari kukagua kucha. Nilielewa kwamba kila siku, saa mbili asubuhi, ndege hutoka Roma kwenda Brusseli, na Shangazi atakuwa ndani yake. Tena nilijua Brusseli iko wapi. Bibi alikuwa akitusimulia habari za Wabirigi, yaani Wabelgiji wa Brusseli, waliokuwa wakitawala ng'ambo, Burundi, kabla sijazaliwa, na kwamba waliondoka wakarudi kwao, Uraya. Bibi alisema Uraya na sisi tulisema hivyohivyo. Basi kwangu Ulaya ilikuwa nyuma ya milima ile ya Burundi tunayoiona kutoka shuleni, ya bluu asubuhi, ya kahawia jioni. Niliona ajabu kwamba sista anampeleka Deo kwa kuzunguka Biharamulo na misitu yake mpaka Mwanza, badala ya kwenda moja kwa moja kupitia Kabanga, mpakani.

Siku ya kuondoka, Deo alidhani anapelekwa sokoni. Alimwahidi kila mtoto andazi. Mama alimfungia karanga kwenye kitambaa, za kumpa Shangazi, akamwambia asizile njiani, naye akaanza kuzila kabla gari halijawashwa. Mama alisimama barabarani mpaka vumbi likatua, kisha akashika jembe akaenda shamba la kijiji, kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi ya pamoja. Nilisikia wanawake wakimpa pole na yeye akiwajibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto hayuko peke yake, wifi yake yuko naye, ni saa mbili tu. Alilisema hilo siku ile, akalisema tena siku nyingine kisimani, na kanisani, na kila alipoulizwa. Baadaye watu walikuwa wanamjibu kabla hajamaliza.

Habari zilikuja kupitia kwa padri. Deo amepasuliwa, amepona, lakini anatakiwa akae kwanza apate nguvu. Mama alipiga magoti palepale. Halafu, kabla hajarudishwa, vita vikaanza.

Kwetu hatukuona mapigano. Vita tulivisikia kwenye redio ya balozi wa nyumba kumi, ambako watu wazima walikusanyika jioni. Tulisikia adui amevuka mpaka huko kaskazini, watu wa upande wa Bukoba wanakimbia na godoro kichwani. Kisha lori likaja, likawachukua wanaume wa mgambo, na baba akiwa mmoja wao. Sabuni ikaadimika, chumvi ikaadimika. Shuleni tulichimba mahandaki, tukafundishwa kuruka ndani mwalimu akipuliza filimbi. Padri alimwambia mama kwamba kwa sasa hakuna safari za watoto, avumilie. Nyumbani tukabaki mama, Bibi na mimi. Mama hakujua mumewe aliko, na aliko mtoto alikujua kwa kuambiwa tu, na usingizi ukamkimbia kwa ajili ya wote wawili. Akiulizwa habari za baba alikuwa hana la kusema. Akiulizwa habari za Deo, alisema wifi yake yuko naye.

Asubuhi moja tuko kwenye mstari, kucha tumezinyoosha mbele, sauti ikatokea upande wa mawio. Kwanza kama nyuki, halafu kama lori linalopanda mlima. Filimbi ikalia. Wenzangu wakarukia handakini mmoja juu ya mwingine. Mimi nikaangalia jua. Lilikuwa pale linapokuwa kila siku saa ya kukaguliwa kucha. Nikaelewa. Kwa nini wengine walikuwa wanakimbia sikuelewa hata kidogo.

Nilitoka mbio mpaka katikati ya uwanja wa mpira, nikavua sweta, nikalipunga juu nikimwita Shangazi kwa jina lake. Ndege ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, na chini, na sauti yake iliingia tumboni. Nilijaribu kuona dirisha. Kisha nikaangushwa. Mama alikuwa kwenye shamba la kijiji, ambalo lilipakana na shule, na sijui alifikaje, ila nilimkuta juu yangu, amenifunika mwili mzima, kifua chake kinagonga mgongoni mwangu na udongo umejaa mdomoni mwangu. Ndege ilipita. Haikudondosha kitu. Hata leo hakuna aliyeniambia ilikuwa ya nani, yetu au ya adui.

Aliponiinua aliniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia ni saa mbili, Shangazi anakwenda kumwona Deo. Nilisubiri kofi. Mama alinitazama, akaanza kucheka, na kile kicheko kikageuka kitu kingine katikati, akakaa chini nyasini na kanga yake mdomoni. Baadaye, tukirudi nyumbani, alinieleza polepole. Saa mbili za padri si wakati wa siku, ni mwendo, ni muda ambao ndege inakaa hewani. Na ndege hiyo haipiti kwetu.

Nikamwuliza, sasa Shangazi anakwenda lini?

"Jumapili," mama akasema. Lakini aliangalia upande mwingine, na tukaendelea kutembea.

Kuanzia siku ile nilikuwa na tatizo jipya. Kama haipiti kwetu na haipiti juu ya milima ya Burundi, basi Deo yuko wapi? Nilikuwa nimempoteza mdogo wangu mara ya pili.

Vita viliisha. Baba alirudi amekonda, ana buti kubwa asizozizoea, akalala kwanza siku nzima. Haukupita muda mrefu Landrova ya misheni ikasimama mbele ya nyumba, sista akashuka, akamshusha mtoto. Jua lilikuwa kali, naye amefungwa vifungo vyote vya kikoti cha sufu mpaka shingoni. Alikuwa ameongezeka urefu. Mashavu yalikuwa yamejaa, midomo myekundu kama ya watoto wote. Mama alipiga magoti, akafungua mikono.

Deo alimtazama. Kisha akamsogelea kwa hatua za heshima, akanyoosha mkono wa kulia, akasema maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa. Sista akainama akatufasiria, uso umemwiva. Mtoto amesema, habari za mchana, bibie.

Sote tulisimama kama tumepigwa na jua. Mama ndiye aliyetangulia kupata akili. Alikunja mikono aliyokuwa ameifungua, akaupokea ule mkono mdogo kwa mikono yake miwili, akaitika kwa Kihangaza. Alimpokea mwanawe kama mgeni anavyopokewa, akamletea kigoda, akamletea maji ya kunywa. Bibi aliingia ndani, nikamsikia analia huko.

Mchana ule Deo alimwona mbuzi akikatiza uani, akamfukuza. Alikimbia. Sisi watoto wote, kwa mazoea, tulichuchumaa mstari mmoja kumsubiri apumzike. Yeye akaendelea kukimbia, akazunguka nyumba, akatokea upande wa pili bado anakimbia, anatushangaa tulivyokaa. Niliinuka mwisho. Sikujua kama nifurahi.

Sista alikunywa chai na kukaa kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu, swali langu liko tayari, nataka aulizwe kama Shangazi alikuwa anakuja kila Jumapili. Mama hakuuliza. Nilipofungua mdomo alinituma maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Lugha ya Deo ilirejeshwa na watoto, si na mama. Alianza na matusi, kama ilivyo kawaida, akaja kwenye majina ya vyakula, na maharage yalipovunwa alikuwa anagombana nasi kwa Kihangaza safi. Ile nyingine ikamtoka. Leo hajui hata neno moja, na hospitali haikumbuki. Anasema anakumbuka dirisha na mvua.

Kisha Shangazi Imakulata akaja likizo. Kijiji kizima kilijua, maana hakuna ambaye hakuwa amesikia habari za saa mbili. Uani palijaa. Alishuka amevaa kilemba cheupe, mwanya wake uleule. Watu wakamwambia Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia Milele amina. Sisi wadogo tukampa shikamoo, naye akaitika marahaba mojamoja, akitutafuta nyuso. Alipofika kwa Deo alisita. Deo alimtazama juu chini, akanigeukia, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu nani?"

Nikasema, "Si Shangazi aliyekuwa anakuja Jumapili?"

"Mimi simjui," Deo akasema.

Shangazi alifungua mdomo, nikaona machozi yanakuja kabla ya maneno. Mama akapita katikati ya watu, akamshika mkono. "Umechoka, wifi. Njoo ule kwanza." Akamwingiza ndani. Akarudi akapakua chakula, akacheka na wageni, akawasindikiza mmoja mmoja, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza kitu.

Jioni nilimfuata Shangazi kwenye migomba michache tuliyoipanda nyuma ya nyumba. Nilikuwa mtoto, sikujua kuna maswali ya kuachwa. Nikamwuliza kwa nini hakwenda, wakati ni masaa mawili tu. Hakukasirika. Alisema aliomba ruhusa. Aliambiwa Brusseli ni nchi nyingine, inataka vibali na nauli, na yeye alikuwa mwanafunzi anayefua mashuka ya nyumba ya watawa. Aliomba tena vita vilipoanza, akaambiwa aendelee kusali.

"Yale masaa mawili ni ya ndege, mwanangu," alisema. "Ya kwangu mimi hayakuwa na mwisho."

Sikuelewa. Nilimwangalia mikono yake, iliyokuwa imepauka na kuchanika kwenye vidole kama ya mtu wa kufua, nikajaribu kuweka pamoja mambo ambayo hayakutaka kukaa pamoja. Mama hakudanganywa na mtu. Padri alisema kweli, Shangazi alisema kweli. Hata hivyo Deo alikuwa amelala hospitalini bila mtu wa kwao kumwona, na sisi huku tulikuwa tumelala tukijua anaonwa.

Asubuhi yake Shangazi aliomba amwogeshe Deo. Alichemsha maji mwenyewe, akamsimamisha kwenye beseni uani, akaanza kichwani. Alipofika kifuani mkono wake ulisimama. Mshono wa kupasuliwa ulikuwa umeanzia karibu na shingo ukashuka, unang'aa kama njia ya konokono. Alifunika kiganja chake juu yake, akabaki hivyo, maji yakipoa.

Deo aliuliza tena, safari hii kwa mama, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni. Huyu ni nani?

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ni shangazi yako," alisema. "Ulipokuwa huko, ndiye aliyekuwa karibu nawe kuliko sisi wote."

Nilimtazama mama nikisubiri aseme kingine. Aliendelea kuchambua. Sikujua kama amesema uongo au kweli, na mpaka tunamzika sikuwahi kumwuliza. Deo alilifikiria jibu lile kidogo, akaridhika nalo, akanyanyua mikono yote miwili juu ili Shangazi amsugue kwapani.